Rivolva Nyepesi na Fedha za Msimu: Uchambuzi Kutoka Issuna

Alizeti ikishavunwa, fedha taslimu hutembea Issuna, wilayani Ikungi, kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka. Wanunuzi wanakuja na magari kutoka Singida mjini na Dodoma, magunia yanapimwa kando ya barabara kuu ya kwenda Manyoni, na kufika jioni wapo watu wa kawaida kabisa, mwenye duka, wakala wa fedha za simu, dalali wa mazao, ambao wanalala na mamilioni ya watu wengine ndani ya nyumba yenye mlango wa mbao na komeo moja. Hapo ndipo wazo la bastola linapoingia kichwani. Na likiingia, mara nyingi huja na umbo lake kamili: kitu kidogo, chepesi, kinachokaa mfukoni bila kuonekana na kisicho na mambo mengi ya kukumbuka. Yaani rivolva ndogo, ile yenye silinda inayozunguka na vyumba vitano vya risasi.

Wazo hilo linastahili kupimwa kwa makini. Mtu anayelala na fedha za wenzake ana sababu ya kuhofu, na kituo cha polisi chenye gari kikiwa mbali, dakika za mwanzo za uvamizi ni zake peke yake. Lakini kila nikilipima naishia palepale: rivolva nyepesi ni miongoni mwa silaha za mkononi zilizo ngumu kutumia vizuri, na wanaovutiwa nayo zaidi ni watu wenye mazoezi machache.

Asili yake inaeleza mengi. Mwaka 1927 kampuni ya Colt ya Marekani ilitoa Detective Special, rivolva fupi ya risasi sita, kwa ajili ya askari kanzu waliohitaji silaha ya kuficha chini ya koti. Mwaka 1950 Smith & Wesson wakajibu kwa Chief's Special, ndogo zaidi, risasi tano tu za .38 Special, na jina hilo lilitokana na mkutano wa wakuu wa polisi ilikoonyeshwa kwanza. Ilikuwa ya chuma cha kawaida, uzito wake gramu 550 hivi bila risasi. Haukupita muda wakaja na fremu ya aluminiamu, na uzito ukashuka hadi kwenye gramu 420. Baadaye ikaja aloi yenye skandiamu, na leo ipo rivolva ya gramu 330 na kitu inayokubali hata risasi kali ya .357 Magnum. Ruger nao mwaka 2009 walileta LCR, ambayo sehemu ya fremu yake ni ya plastiki ngumu, chini ya gramu 400. Kwa miaka sabini na zaidi mashindano yamekuwa ya kupunguza uzito, na aliyezoea kubeba silaha kutwa nzima anajua kwa nini: bastola nzito huishia kuachwa nyumbani.

Tatizo ni kwamba risasi haijui kuwa bastola imepunguzwa uzito. Risasi ya .38 yenye gramu 10 inapotoka mtutuni hurudisha msukumo uleule kwa bastola, iwe ya chuma au ya aluminiamu. Ikiwa bastola ni nyepesi, inarudi nyuma kwa kasi kubwa zaidi, na nguvu ya teke inayopokelewa na kiganja huongezeka kadiri uzito unavyopungua. Ukichukua ile ya gramu 330 na kuijaza risasi za .357, teke linazidi mara mbili la .38 ndani ya bastola hiyohiyo. Wapigaji wazoefu wanasema wazi kwamba baada ya risasi tano za aina hiyo hawatamani raundi ya pili. Watengenezaji wenyewe wanajua. Wanajua pia kwamba mshtuko wa teke unaweza kuchomoa risasi ambazo bado hazijapigwa kutoka kwenye maganda yao zikajitokeza mbele, na silinda ikakwama isizunguke. Rivolva husifiwa kwa kutokwama, na hapo inakwama kwa sababu ya wepesi wake.

Lakini teke huja baada ya risasi kuondoka. Kinachoharibu shabaha hasa ni kifyatulio. Rivolva ya mfukoni kwa kawaida haina kitufe cha usalama, na usalama wake uko katika uzito wa kukivuta. Kidole kimoja kinaivuta nyundo hadi nyuma na kuizungusha silinda kwa mpigo mmoja, na kazi hiyo inataka nguvu ya kama kilo tano hadi sita. Sasa fikiria: mkono umeshika kitu cha gramu 400, na kidole cha shahada kinakivuta kwa nguvu inayozidi uzito wake zaidi ya mara kumi. Asiyefundishwa atavuta na mkono mzima. Mdomo wa mtutu utainama kushoto au chini kabla risasi haijatoka. Mtutu wenyewe una urefu wa sentimita tano hivi, na alama za kulengea ziko karibu karibu, kwa hiyo kosa dogo la mkono linakuwa kubwa mbele. Ukiwa uwanjani mchana, umetulia, kwenye mita tatu utapata karatasi. Kwenye mita kumi, gizani, moyo ukidunda, mlengaji asiye na mazoezi anaweza kukosa mlango.

Haya hayaifanyi kuwa silaha mbaya. Ina sifa za kweli. Hakuna magazini ya kuharibika chemchemi wala hatua ya kukoki. Risasi moja ikigoma, unavuta tena na chumba kingine kinakuja. Inaweza kukaa miezi imejazwa bila kitu ndani yake kuchoka. Ile ambayo nyundo yake imefichwa ndani ya fremu hutoka mfukoni bila kunasa nguo. Kwa vumbi la Singida la mwezi wa tisa, fremu iliyofungwa namna hiyo ni nafuu, ingawa silinda bado inataka kufutwa na kupakwa mafuta kidogo. Mkono wa mwanamke au wa mzee usioweza kuvuta slaidi ya bastola ya magazini hufungua silinda ya rivolva bila shida, ila mkono huohuo utateseka na kile kifyatulio cha kilo tano.

Tuangalie basi imewahi kuwafaa nani katika ukanda huu wetu, maana hesabu za gramu peke yake hazitoshi.

Mfano wa zamani unatoka Kenya, wakati wa Hali ya Hatari. Januari 1953, karibu na Nyeri, wanawake wawili walowezi walivamiwa nyumbani kwao jioni wakawafukuza wavamizi kwa bunduki na bastola walizokuwa nazo. Habari hiyo ilienea dunia nzima kama ushahidi wa thamani ya bastola mezani. Wanawake hao, hata hivyo, walikuwa wamekaa wakiwa wamejihami, silaha zikiwa karibu na mkono, kwa sababu walikuwa wakitarajia kuvamiwa. Na upande wa pili wa historia hiyohiyo ni kwamba wapiganaji wa Mau Mau, waliokuwa na njaa ya silaha na madai ya haki ya ardhi, walipata sehemu ya bunduki zao kwa kuiba na kupora kwa walowezi na polisi, hata serikali ya kikoloni ikafanya kuwa kosa kupoteza silaha kwa uzembe. Bastola iliyoko nyumbani ilikuwa kinga, na ilikuwa pia kitu kinachotafutwa na anayekuja kuvamia.

Mfano wa karibu zaidi ni shambulio la jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 21, 2013. Abdul Haji, ambaye leo ni seneta wa Garissa, aliingia kwenye jengo lile na bastola yake ya leseni baada ya kupata ujumbe kutoka kwa ndugu yake aliyekuwa ndani, akasaidia kuwatoa watu waliokwama. Ni tendo la ujasiri mkubwa. Lakini hakuwa peke yake: aliingia pamoja na askari kanzu na raia wengine wenye leseni, wakifunika migongo ya wenzao, na alikuwa na bastola ya magazini. Anayetaka kuuona mfano huu kuwa hoja ya rivolva ya mfukoni auangalie tena.

Tanzania tuna kumbukumbu za namna nyingine. Novemba 4, 2006, huko Kawe, Dar es Salaam, ugomvi wa barabarani uliisha kwa dereva wa daladala kuuawa kwa risasi, na aliyeshitakiwa ni Ditopile Mzuzuri, wakati huo Mkuu wa Mkoa wa Tabora. Shitaka la mauaji lilishushwa kuwa la kuua bila kukusudia, na alifariki 2008 kabla kesi haijafika hukumu. Sitaki kuhukumu pale mahakama haikuhukumu. Ninachosema ni kwamba siku hiyo hakukuwa na jambazi wala uvamizi. Palikuwa na foleni, hasira na bastola iliyo karibu. Mei 2022 mkoani Mwanza mfanyabiashara alimuua mke wake kwa bastola, na yeye mwenyewe akakutwa amekufa. Taifa lilijadili tukio hilo kwa wiki kadhaa, na mjadala ulikuwa wa ndoa na wivu. Kwangu mimi ni mjadala wa silaha pia. Wanaonunua bastola hufikiria mgeni anayevunja mlango usiku. Hawafikirii usiku wenye ugomvi wa ndani, kijana aliyekata tamaa na kujua funguo ziko wapi, mtoto wa darasa la kwanza anayepekua droo. Kifyatulio kizito kinamzuia mtoto mdogo kwa kiasi. Mtu mzima mwenye hasira hakimzuii hata kidogo.

Na kuna mashambulizi ambayo bastola haina jibu lake. Mwanasiasa wa upinzani Tundu Lissu, mzaliwa wa Mahambe ndani ya wilaya hiihii ya Ikungi, alimiminiwa risasi akiwa garini Dodoma mchana wa Septemba 7, 2017. Aliyeviziwa kwa bunduki za vita hapati nafasi ya kuingiza mkono mfukoni.

Sasa twende kwenye karatasi za leseni, kwa sababu Issuna hakuna mtu anayeamka asubuhi akaenda kununua rivolva. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ndiyo inayotawala, nayo inakwenda sambamba na ahadi ambazo nchi zetu ziliwekeana katika Itifaki ya Nairobi ya 2004 kuhusu kusajili silaha na kuzitia alama. Mwombaji huanzia kijijini: kamati ya ulinzi na usalama inakaa, inamjadili, na muhtasari wa kikao unapanda hadi kata, wilaya na mkoa kabla ya kufika kwa msajili. Lazima athibitishwe kuwa anaijua silaha na kwamba ana sababu. Wapo wanaolalamika kwamba ni safari ndefu, na ni kweli, nauli na siku za kazi zinakwenda. Mimi naitetea hatua ya kwanza kuliko zote. Wanakijiji wanajua nani hulewa na kupiga mkewe, nani ana kesi ya mpaka wa shamba na jirani, nani alitishia kuua mtu mnadani. Hakuna fomu ya makao makuu inayojua hayo. Mwenyekiti wa kijiji akipitisha jina kwa sababu ya undugu au soda, amevunja kichujio bora tulicho nacho.

Anayekwepa njia hiyo na kuchukua bastola ya kichochoroni ajue kwamba kukutwa na silaha bila leseni ni kosa linaloangukia kwenye sheria ya uhujumu uchumi. Serikali imewahi kutoa muda wa kusalimisha silaha hizo bila kushitakiwa, kama ilivyofanya 2022 na 2023, na aliyeachiwa gobore na babu yake angefanya vizuri kutumia nafasi kama hizo zikija tena.

Leseni nayo haikupi ruhusa ya kupiga. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, vifungu vya 18 hadi 18C, inatambua haki ya kujilinda, kumlinda mwingine na kulinda mali, lakini kwa nguvu inayolingana na hatari iliyopo. Kufikia kuua, lazima pawe na tishio la aina nzito: hofu ya kweli ya kuuawa au kuumizwa vibaya, ubakaji, utekaji, na mengine ya uzito huo. Mwizi aliyekwisha kuchukua begi na kukupa mgongo akikimbia kuelekea barabarani si tishio tena kwa uhai wako. Ukimpiga hapo, wewe ndiye utakayesimama kizimbani, na kusema fedha zilikuwa za watu hakutakuokoa. Kwa mfanyabiashara wa msimu hili ndilo jambo zito kuliko gramu zote za aluminiamu, kwa sababu kinachomtia hofu ni kupoteza fedha, na fedha peke yake mara nyingi hazihalalishi risasi.

Kwa hiyo nauliza swali la msingi: hatari ya Issuna ni ipi hasa? Chukua wakala wa fedha za simu saa moja jioni. Kibanda chake kina dirisha la nondo, taa moja, kitabu cha miamala, na noti amezipanga mafungu ya elfu kumi chini ya kaunta. Anafunga hesabu mbele ya watu watatu wanaosubiri, kisha anaweka fedha kwenye mfuko wa nailoni na kutembea mita mia mbili kwenda nyumbani, kila siku njia ileile, saa ileile. Anayetaka kumpora hahitaji kuvunja chochote. Anamsubiri kwenye kona, akiwa na mwenzake, na wakala mwenye rivolva mfukoni atajua kwamba amevamiwa wakati panga liko mita mbili. Katika umbali huo, kutoa bastola mfukoni, kuivuta kwa kilo tano na kulenga ni mbio ambazo wengi hushindwa. Akibadili saa ya kufunga, akafunga hesabu ndani, akapeleka fedha benki mchana au akabadilishana floti na wakala mwenzake kabla giza halijaingia, ameondoa chambo chenyewe. Tangu M-Pesa iingie nchini 2008, noti nyingi zimegeuka namba kwenye simu, na aliyeziacha zibaki noti hadi usiku anaweza kupunguza hilo kwa uamuzi wake.

Kwa mnunuzi wa mazao vivyo hivyo. Sheria ya stakabadhi za ghala ya 2005 ilianzisha mfumo ambao mazao yanaingia ghalani na malipo yanapita benki. Wakulima wana malalamiko yao kuhusu mfumo huo, hasa kuchelewa kwa fedha na makato, na mengi ni ya haki. Lakini kwa jicho la usalama, gunia linalolipwa benki halimwachi mtu na begi la noti usiku wa manane. Naona ajabu kwamba katika mijadala ya kujilinda vijijini jambo hili halitajwi, wakati linapunguza hatari ya wanunuzi na wakulima wengi kwa pamoja.

Kisha kuna majirani. Sungusungu, vikundi vya ulinzi vya wanakijiji walioanzia Kahama na maeneo jirani ya Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kusambaa hadi Singida, walitambuliwa kisheria mwaka 1989. Walikuwa na makosa yao, ikiwemo vipigo na hukumu za haraka dhidi ya vikongwe walioitwa wachawi, na sitaki warudi kwa sura hiyo. Lakini filimbi na yowe linalopokewa kaya kwa kaya vilifanya kazi ambayo risasi tano haziwezi: vilileta watu. Rivolva inakupa kelele tano na kisha unahitaji kujaza tena, risasi moja moja, kwa vidole vinavyotetemeka. Ulinzi shirikishi wenye zamu halisi, namba ya simu ya polisi kata, taa ya sola nje na mbwa anayebweka ndivyo ningeviweka mbele, na ningeviweka hivyo hata kama bastola ingekuwa ya bure.

Shirika la Small Arms Survey la Geneva, katika makadirio yake ya 2017, lilionyesha kwamba Tanzania ina silaha za raia pungufu ya moja kwa kila watu 100, wakati Marekani inazidi 120 kwa watu 100. Ushauri mwingi tunaousoma kuhusu rivolva ya mfukoni umeandikwa kwa ajili ya nchi ile ya pili, ambako mtu hudhani kila mvamizi ana bastola na ambako uwanja wa shabaha uko mwendo wa nusu saa. Ukiuhamishia Issuna kama ulivyo, unakuja na hofu isiyo yetu na unaacha nyuma mazoezi yanayoufanya ufanye kazi.

Baada ya yote hayo, atabaki mtu mwenye haja ya kweli. Labda ni mmiliki wa mgodi mdogo anayesafirisha dhahabu, labda amekwisha kutishiwa na ushahidi uko polisi. Kwake nasema hivi. Kama silaha ni ya kulinda nyumba, bunduki ndefu ya shotgun humpa shabaha bora kuliko bastola yoyote, ingawa nayo hupenya mlango na ukuta mwembamba, na lazima ajue watoto wamelala upande gani. Kama ni lazima iwe ya kubeba, achukue rivolva ya chuma kabla ya ile nyepesi. Tofauti ya gramu 130 kati ya chuma na aluminiamu ataisikia kiunoni kwa wiki ya kwanza, kisha atazoea. Teke la nyepesi halizoeleki bila mazoezi mengi. Abaki na .38 Special na kuachana na .357. Mshiko uwe wa mpira na mrefu wa kutosha kidole kidogo kipate pa kukaa. Kabla ya kulipa hata shilingi, aulize muuzaji mwenye kibali kama risasi hizo anaziagiza kila mara au alikuwa nazo boksi mbili tu, kwa sababu bastola ambayo mwenye nayo hawezi kufanyia mazoezi ni hatari zaidi kwake kuliko kwa jambazi. Akague silinda ikiwa imefungwa na nyundo ikiwa imevutwa: isicheze kushoto na kulia. Anunue sanduku la chuma siku hiyohiyo, alifunge ukutani kwa bolti, na funguo zisikae juu ya kabati ambako kila mtu wa nyumba hiyo anajua.

Na amwambie mtu mmoja anayemwamini, mke, mume au ndugu mkubwa, namba ya leseni na mahali karatasi zilipo. Leseni ni ya mtu, hairithiwi pamoja na shamba na ng'ombe. Mwenye silaha akifariki, wafiwa wanapaswa kuipeleka polisi mara moja na kuikabidhi kwa maandishi, na anayetaka kuimiliki aanze upya kwa muhtasari wa kijiji. Familia nyingi hazijui hilo, na bastola iliyokuwa halali siku ya mazishi inageuka kosa la jinai mikononi mwa mtoto wa marehemu kabla hata arobaini haijasomwa.